Chombo Kikishaondoka

Wewe uliye jikoni, wewe uliye njiani ukirudi nyumbani, na wewe unayeingia zamu wakati wenzako wanatoka, nakusalimu. Sogeza redio karibu.

Leo nataka tuzungumze kuhusu Star Trek. Ndiyo, ile michezo ya televisheni ya vyombo vya angani, ya mtu mwenye masikio yaliyochongoka na ya nahodha anayeketi katikati ya chumba akitoa amri. Nimeipenda tangu enzi za kanda za video za kuazima, zile zilizozunguka nyumba hadi nyumba mpaka picha ikawa inacheza. Bado naipenda. Na kama wewe pia ni mpenzi wake, unajua kwamba wapenzi wawili wa Star Trek wakikutana hawakawii kuulizana: upi ni bora? Wa Kirk? Wa Picard? Wa Sisko? Wa Janeway?

Nina jibu langu, na leo nitalisema waziwazi. Lakini kwanza tukubaliane kipimo, maana ubishi usio na kipimo hauishi.

Kwa asiyeifahamu, nieleze kidogo. Star Trek ilibuniwa na Gene Roddenberry, Mmarekani aliyewahi kuwa rubani wa vita na kisha polisi wa Los Angeles kabla hajawa mwandishi wa televisheni. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Hadithi yenyewe inatupeleka karne kadhaa mbele. Binadamu wameacha kupigana wao kwa wao, njaa duniani imekwisha, na wameungana na viumbe wa sayari nyingine katika Shirikisho moja. Shirikisho hilo linatuma vyombo kwenda kuzijua nyota za mbali na wanaoishi huko. Chombo mashuhuri kuliko vyote kinaitwa Enterprise.

Sasa sikiliza jinsi hadithi hizo zinavyokwenda. Chombo kinafika kwenye sayari. Kuna tatizo. Nahodha na wenzake wanashuka, wanahangaika, wanalitatua. Kisha wanapanda, wanaondoka, na wiki inayofuata wako sayari nyingine kabisa. Nilipokuwa mdogo jambo hilo lilinifurahisha. Nilivyozidi kukua, swali moja likawa halinitoki: wale waliobaki pale, kesho yake waliamkaje?

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi hicho ndicho kipimo changu, msikilizaji. Mgeni huyu wa angani, je, anaifikia siku ya tatu? Anashika jembe? Au anakula, anatoa ushauri, kisha anaaga? Nitaipima mifululizo yote kwa swali hilo: chombo kikishaondoka, nini hutokea?

Tuanze na mkubwa wao, mfululizo wa kwanza, ule wa Nahodha Kirk. Uliishi miaka mitatu tu, 1966 hadi 1969, ukawa na sehemu 79. Ulipokaribia kuuawa baada ya msimu wa pili, watazamaji waliiandikia barua kituo cha NBC kwa wingi hadi ukaongezewa msimu mmoja. Ndani yake yumo Spock, nusu binadamu na nusu Mvulkani. Yumo Daktari McCoy, mwenye hasira za haraka na moyo mwema. Na yumo Luteni Uhura, Mwafrika, ofisa wa mawasiliano, ambaye jina lake limetokana na neno uhuru la Kiswahili chetu. Katika sehemu ile ya kwanza kabisa kuonyeshwa, kiumbe aliyejigeuza umbo la kijana mweusi anamwendea Uhura na kumsemesha kwa Kiswahili. Fikiria, 1966! Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, akazuiwa na Martin Luther King mwenyewe, aliyemwambia umuhimu wa yeye kuonekana pale. Baadaye Nichols alifanya kazi na NASA kuwahamasisha wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Na Mae Jemison, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kwenda angani, mwaka 1992, amesema mara nyingi kwamba alipokuwa mtoto alimtazama Uhura na kujiona yeye.

Kwa hiyo sina dharau kwa mfululizo ule. Ulifungua mlango. Lakini tuupime kwa kipimo tulichokubaliana.

Februari 1967 ilionyeshwa sehemu iitwayo The Return of the Archons. Kirk anafika kwenye sayari ambayo watu wake ni wapole mno. Wanatembea taratibu, wanatabasamu, hawana fikra zao wenyewe. Ikifika saa kumi na mbili jioni wanageuka, wanavamiana na kuvunja madirisha usiku kucha, na asubuhi wanarudia upole wao. Anayewatawala anaitwa Landru, na Landru ni mashine, kompyuta iliyoachwa na mtu aliyefariki miaka elfu sita iliyopita. Kirk anafanya nini? Anabishana na mashine mpaka inajiangamiza yenyewe. Kazi imekwisha. Anamwacha mtaalamu mmoja na wenzake wachache wawasaidie wenyeji, na Enterprise inakata anga.

Msikilizaji, hebu tafakari. Watu ambao mashine ilifikiri kwa niaba yao kwa miaka elfu sita, leo asubuhi mashine imekufa. Nani atawaambia shamba lilimwe lini? Ugomvi wa mpaka nani atauamua? Hatuambiwi. Chombo kimekwishaondoka.

Wiki moja tu baadaye, Februari hiyo hiyo, ikaonyeshwa Space Seed. Kirk anamkuta Khan, mtu aliyetengenezwa kimaabara awe na nguvu na akili kupita wengine, aliyelala usingizi wa barafu kwa karne mbili na zaidi. Khan anajaribu kukipora chombo, anashindwa. Badala ya kumfunga, Kirk anampa yeye na watu wake sayari ngumu, isiyo na mtu, waijenge wenyewe. Mwishoni Spock anawaza kwa sauti kwamba ingekuwa jambo la kuvutia kurudi pale baada ya miaka mia na kuona mbegu ile imetoa mavuno gani.

Hakuna aliyerudi kuangalia. Na uzuri wa jambo hili ni kwamba watu wa Star Trek wenyewe walikuja kuliona pengo hilo. Mwaka 1982 walitengeneza filamu iitwayo The Wrath of Khan, na filamu nzima imejengwa juu ya pengo lile. Sayari jirani ililipuka miezi sita tu baada ya Kirk kuondoka. Ardhi ya Khan ikawa vumbi, mkewe akafa, baadhi ya watu wake wakafa, na hakuna chombo hata kimoja cha Shirikisho kilichopita kuuliza hali zao. Khan anarudi na kisasi, na gharama yake ni maisha ya Spock. Mimi huitazama filamu hiyo kama hati ya mashtaka. Mgeni aliondoka siku ya pili, na deni likamfuata miaka kumi na mitano baadaye.

Tumeelewana hadi hapo? Basi twende kwa Picard.

Mfululizo wa pili wa waigizaji, ukiacha katuni ya mwaka 1973, ulianza 1987 na kuendelea hadi 1994, misimu saba, sehemu 178. Nahodha ni Jean-Luc Picard, Mfaransa, mtu wa vitabu na chai, aliyeigizwa na Mwingereza Patrick Stewart. Msimu wa kwanza ni mgumu kuutetea, na sitajaribu. Ulipofika msimu wa tatu, waandishi wakiwa chini ya uongozi wa Michael Piller, ukawa kitu kingine kabisa.

Picard anaondoka kama Kirk, lakini anaondoka kwa taabu. Ile kanuni ya kwanza ya Shirikisho, ya kutoingilia maisha ya watu wasio wenu, Kirk aliivunja pindi alipoona inafaa. Picard analala nayo, anaamka nayo. Na mara chache kabisa mfululizo wake unamlazimisha akae, na hizo ndizo sehemu zake bora. Sikiliza ushahidi.

Kuna sehemu ya mwaka 1991 inaitwa Darmok. Watu wa Tamaria wanasema lugha ambayo maneno yake yanatafsirika, lakini hakuna anayewaelewa, kwa sababu kila wanachosema ni kumbukumbu ya kisa fulani cha kwao. Hawakuambii njoo tushirikiane. Wanakutajia majina ya mashujaa wawili waliokutana kisiwani na kupambana na mnyama, na wewe ujue mwenyewe. Sisi tuliokulia kwenye mafumbo na methali hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Shangazi akikutajia tu mwanzo wa kisa, umeshajua umekosa wapi. Picard hajui. Nahodha wa Watamaria, Dathon, anaamua kumchukua wakae wawili peke yao porini, mbele ya mnyama wa hatari, mpaka waelewane. Wanakesha kando ya moto. Dathon amejeruhiwa, na Picard anamsimulia kisa cha kale cha Gilgamesh. Kufikia asubuhi wameelewana, na Dathon anakufa kwa majeraha yake. Kuelewana kule kulipatikana kwa kukaa. Mitambo yote ya Enterprise ilishindwa kufanya kilichofanywa na usiku mmoja kando ya moto.

Nitaje na nyingine. Mwaka 1990 Picard alitekwa na Waborg, viumbe nusu nyama nusu chuma wenye akili moja ya pamoja. Walimgeuza kuwa mmoja wao na kutumia alichokijua kuangamiza vyombo 39 vya Shirikisho mahali paitwapo Wolf 359. Akaokolewa. Kwa desturi ya michezo hii, wiki inayofuata angekuwa ameshapona na kwenda sayari nyingine. Safari hii hapana. Sehemu iliyofuata, Family, inampeleka nyumbani Ufaransa, kwenye shamba la mizabibu la kaka yake Robert. Ndugu hao hawapatani. Wanagombana, wanashikana, wanagaragazana kwenye matope. Na hapo, katikati ya matope, nahodha mkuu wa Shirikisho analia kama mtoto kwa yale aliyolazimishwa kuyatenda. Kaka yake anamwacha alie. Hiyo ilikuwa siku ya tatu, wasikilizaji wangu, na ilimjia Picard mwenyewe.

Lakini kesho yake alirudi kazini, na Enterprise ikaendelea na safari. Sehemu bora za Picard ni za mtu kusimama; mfululizo wenyewe bado ulikuwa wa kusafiri.

Sasa nakuja kwa ule ninaoupenda kuliko yote. Tafadhali usibadilishe stesheni.

Januari 1993 ulianza mfululizo uitwao Deep Space Nine. Sikia unavyoanza. Unaanza palepale Wolf 359, kwenye maangamizi yaliyofanywa kwa kutumia akili ya Picard. Ofisa mmoja, Benjamin Sisko, Mmarekani mweusi, anatafuta mke na mtoto wake ndani ya chombo kinachoungua. Mtoto anampata hai. Mke amekufa. Miaka michache baadaye Sisko anapewa kazi mpya, na anayempokea na kumweleza kazi hiyo ni Picard. Sisko anamkumbusha kwamba walishawahi kukutana, vitani. Uso wa Picard unabadilika. Ndani ya dakika chache mfululizo huu umeshatuambia utahusu nini: watu waliobaki baada ya wengine kuendelea na safari.

Na kazi aliyopewa Sisko haikuwa chombo. Ni kituo cha angani, kisichokwenda popote. Mashabiki wengi wakati ule walinung'unika. Star Trek isiyosafiri ni Star Trek gani? Wengine wananung'unika hadi leo. Mimi nasema hapo ndipo Star Trek ilipokua.

Kituo hicho kinaelea karibu na sayari ya Bajor. Bajor ilitawaliwa na Wakardasia kwa miaka hamsini hivi. Walichimba madini yake, wakawafanyisha watu wake kazi kwa nguvu, wakajenga kambi. Wabajor walipigana msituni na mapangoni, na mwishowe Wakardasia wakaondoka. Wameondoka na walichoweza kubeba na kuvunja walichoshindwa. Serikali ni ya mpito, imegawanyika, na imeomba msaada wa Shirikisho. Wanadini wanavutana. Wapiganaji wa jana wanatakiwa wawe maofisa wa leo. Je, kuna msikilizaji wa umri wangu ambaye hadithi hii haimkumbushi chochote? Sisemi waandishi wa Hollywood walituwaza sisi. Nasema walipoamua kukaa mahali pamoja, walijikuta wakiandika kuhusu mambo ambayo sisi tumeyaishi.

Mtu wa kumtazama hapo ni Meja Kira Nerys, aliyeigizwa na Nana Visitor. Kira aliingia mapambano akiwa bado mtoto. Sasa ni msaidizi wa Sisko, akiwakilisha serikali ya Bajor. Hakuliomba Shirikisho lije, na siku ya kwanza anamwambia Sisko hivyo usoni.

Nataka nikae kidogo kwenye sehemu moja ambayo haitajwi sana na mashabiki. Inaitwa Progress, ya mwaka 1993. Serikali ya Bajor inataka kuzalisha nishati kutoka kwenye kiini cha moto cha mwezi wake mmoja, Jeraddo. Nishati hiyo itapasha joto nyumba za watu wengi sana. Lakini mwezi huo hautakalika tena. Wakazi wamehamishwa, isipokuwa mzee mmoja mkulima, Mullibok, na wenzake wawili. Mzee alikimbilia pale zamani, akitoroka Wakardasia. Alijenga nyumba kwa mikono yake, akalima, akaapa hahami. Na anayetumwa kumhamisha ni Kira.

Mnaiona hali hiyo? Mradi ni wa kweli. Manufaa ni ya kweli. Nyumba zitakazopata joto ni za kweli. Na mzee naye ni wa kweli, yuko mlangoni na jembe lake. Kira anakaa naye, anakula kwake, anacheka naye. Mzee anapojeruhiwa na askari wa Bajor, Kira anabaki kumuuguza, na anamsaidia kumalizia tanuri la matofali alilokuwa akilijenga. Kwa siku kadhaa anakuwa kama binti yake. Sisko anakuja kumkumbusha jambo zito, kwamba zamani Kira alikuwa upande wa wanaokataa amri, na sasa yeye ndiye mwenye amri. Na Kira, mpigania uhuru, analivunja lile tanuri walilolijenga pamoja na kuichoma moto nyumba ya mzee, kwa sababu vinginevyo mzee hatatoka. Mzee anasema akihama atakufa. Kira anamwambia hatakufa. Sehemu inaishia hapo.

Hakuna aliyeshinda. Hakuna mashine ya kubishana nayo. Na wiki inayofuata Kira bado yupo, katika kituo kilekile, akiitumikia serikali ileile. Kama ingekuwa Enterprise, tungempa mzee mkono na kuondoka. Kira hana pa kuondokea. Pale ni kwao.

Majuma machache baadaye ikaja Duet, ambayo mashabiki wengi wanaitaja miongoni mwa sehemu bora za Star Trek yote, na nakubaliana nao. Anafika kituoni Mkardasia mgonjwa, na ugonjwa wake unapatikana tu kwa waliokuwapo kwenye ajali ya mgodi wa kambi ya Gallitep, kambi ya mateso. Kira anamkamata. Mfungwa anajisifu kwamba yeye ndiye aliyekuwa kamanda wa kambi, na anasimulia mauaji kwa majivuno. Kira anapochunguza zaidi, ukweli unatoka: kamanda alikwishakufa. Huyu ni Marritza, karani wa mafaili, aliyekuwa akiziba masikio usiku asisikie vilio. Amebadilishwa sura kwa makusudi ili ahukumiwe kama kamanda, ili Kardasia ikiri makosa yake mbele ya wote. Kira, aliyeingia akitaka damu, anamwachia huru. Na wanapotembea kituoni, Mbajor mmoja anamchoma kisu Marritza kwa sababu tu ni Mkardasia. Ukimtazama Kira dakika ile, unaona mtu aliyepigana vita maisha yake yote akigundua kwamba kazi bado haijaanza.

Mfululizo huu ulidumu misimu saba, hadi 1999, na haukuacha kulipa madeni yake. Vita vikaja, na Sisko akashiriki udanganyifu ili dola nyingine ya angani, Waromula, waingie upande wa Shirikisho, na hatia hiyo akabaki nayo. Kijana Nog, Mferengi, anapoteza mguu vitani. Hawakumpa tu mguu bandia na kumrudisha kazini, walitumia sehemu nzima kuonyesha hofu yake na jinsi alivyojificha asikabili maisha. Na mwaka 1998 Avery Brooks, yaani Sisko mwenyewe, aliongoza na kuigiza Far Beyond the Stars, kuhusu mwandishi mweusi wa New York katika miaka ya hamsini anayebuni hadithi ya kituo cha angani kinachoongozwa na mtu mweusi, na jarida linakataa kuichapa. Sijaona televisheni ikiuma zaidi ya hapo.

Basi jibu langu mmelisikia. Deep Space Nine ndio bora, kwa sababu uliifikia siku ya tatu na haukukimbia.

Nisiwaonee wengine. Voyager, 1995 hadi 2001, una wazo zuri kuliko yote. Nahodha Kathryn Janeway na watu wake wanatupwa umbali wa miaka elfu sabini ya mwanga kutoka nyumbani. Safari ya kurudi ni ya miaka sabini na mitano. Baadhi ya mabaharia wake walikuwa waasi aliotumwa kuwakamata. Nilitegemea kuona chombo kikichakaa, chakula kikipungua, waasi na maofisa wakijifunza kuishi pamoja kwa shida. Lakini kila wiki chombo kilikuwa kimeshang'aa upya, na uasi ulisahaulika mapema mno. Kate Mulgrew, aliyemwigiza Janeway, alistahili zaidi ya alichopewa. Hata siku chombo kilipofika Dunia, mfululizo ulikoma kabla hatujamwona mtu hata mmoja akikanyaga ardhi au kumkumbatia mamake. Hilo sijalisamehe.

Ila Voyager una sehemu moja inayojibu swali letu vizuri ajabu, Living Witness, ya mwaka 1998. Miaka mia saba baada ya chombo kupita, kuna sayari yenye makumbusho inayosimulia jinsi Janeway na watu wake walivyokuwa wauaji. Nakala ya daktari wa chombo, ambaye ni hologramu, inazinduliwa na kukuta uongo huo umekuwa historia rasmi, na makabila mawili yanachukiana kwa sababu yake. Daktari anabaki kuweka ukweli sawa. Umeona? Ukiondoka, watu hubaki na hadithi yako, na wataisimulia wanavyotaka.

Enterprise, ule wa Nahodha Archer, 2001 hadi 2005, sitakaa nao. Msimu wake wa nne ni mzuri, mingine ni ya mwenye subira. Discovery, ulioanza 2017, ulinipa Michael Burnham, nami nilimpenda, ila ulimwengu ulikuwa ukikaribia kuangamia kila msimu na hakuna aliyepata nafasi ya kuketi. Ulipata pumzi uliporuka hadi karne ya thelathini na mbili na kukuta Shirikisho limesambaratika na linahitaji kujengwa upya. Strange New Worlds, wa tangu 2022, umerudi kwenye safari za kila wiki kwa ustadi mkubwa, na Uhura wake kijana anatajwa waziwazi kuwa ametoka Kenya.

Na sasa nitaje ule ambao wengi wanaupita kwa kuwa ni katuni ya kuchekesha. Lower Decks, 2020 hadi 2024. Unahusu maofisa wa ngazi ya chini katika chombo kidogo, Cerritos. Kazi ya chombo hicho ni nini? Wanaita mawasiliano ya pili. Enterprise ikishafika kwanza, ikishapiga picha na kusifiwa, Cerritos ndiyo inayokuja nyuma kushughulikia yaliyobaki. Mwishoni mwa msimu wa kwanza wanapita kwenye sayari ya Landru. Na wanakuta nini? Watu wamerudi kumwabudu Landru! Zaidi ya miaka hamsini ya watazamaji kungoja, na hatimaye kuna chombo kimepita kuuliza hali zao. Nilisimama kwenye kiti nikapiga makofi, na nyumbani wakaja kuuliza kuna nini.

Muda wangu unakwisha, kwa hiyo nimjibu yule anayeniuliza kila mara, nianzie wapi? Usianze 1966 na kwenda kwa mpangilio, utachoka. Tazama Family ya Picard jioni moja, baada ya kutazama sehemu mbili za The Best of Both Worlds zinazoitangulia. Halafu Emissary, iliyo mwanzo wa Deep Space Nine. Halafu Progress, halafu Duet. Ukifika hapo, andika barua au tuma ujumbe hapa studio unieleze kama Kira alifanya haki kuichoma nyumba ya Mzee Mullibok. Wapo wasikilizaji wangu walioniambia zamani kwamba alifanya dhambi, na wapo waliosema angechelewa hata siku moja watoto wa Bajor wangelala na baridi. Wiki ijayo, wakati kama huu, nitasoma majibu yenu.